Maswali ya Wasomaji: Yule aliyepiga magoti kwenye dhahabu ya bibi ni nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni msomaji wenu wa Mombasa, Mji wa Kale. Bibi yetu alifariki mwaka jana akaacha kidani cha dhahabu chenye vipande tisa kama sarafu, vyembamba mno, kila kimoja kimetobolewa juu. Mamake bibi alikuja nacho kutoka Uhindini alipoolewa. Upande mmoja kuna mtu amepiga magoti mbele ya mwengine na kati yao kuna kitu kama mti au fimbo, upande wa pili kuna mtu amesimama ndani ya duara refu kama yai, halafu nyota nyota. Hakuna Kiarabu wala Kihindi, herufi ni kama za Kizungu lakini hazisomeki vizuri. Ndugu zangu wanataka tuuze tugawane, na sonara ashapima, tola mbili na kitu, anasema atachukua kwa uzito. Binamu yangu kaangalia kwenye simu anasema ni sarafu za Italia, za jamhuri iliyokufa zamani, na ni adimu sana. Nimewaambia wangoje nikuulize kwanza. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa bibi. Kwanza kabisa nakuomba, kile kidani kirudi nyumbani leo leo, kisilale kwa sonara hata usiku mmoja. Si kwamba sonara ni mtu mbaya, hapana, yeye kazi yake ni dhahabu na dhahabu kwake ni uzito basi, ndo maana anasema tola.

Sasa nikwambie ulichoshika. Hiyo picha unayonieleza mi naijua hata nikifumba macho. Ni zecchino, sarafu ya dhahabu ya Venice, na Venice wakati huo haikuwa mji tu wa Italia kama leo, ilikuwa jamhuri inayojitawala na meli zake na jeshi lake na kiwanda chake cha sarafu. Aliyepiga magoti ndo mtawala wao, waliyemwita Doge, na aliyesimama mbele yake ni Mtakatifu Marko, ambaye Wavenice walimchukua kuwa mlinzi wa mji wao. Kile unachokiona kama mti ni mti wa bendera ambao Marko anamkabidhi Doge, na ukiangalia kwa karibu utaona herufi tatu zimeshuka moja chini ya nyingine ubavuni mwake, D, V, X, yaani dux, kiongozi. Upande wa pili ni Yesu ndani ya umbo la lozi lenye nyota, na maneno ya Kilatini yanayozunguka yanasema kwako ewe Kristo itolewe nchi hii unayoitawala. Neno la mwisho kwenye hayo maandishi ni DVCAT, na wengi wanalihusisha na dukati, jina lingine la sarafu hii hii.

Lakini hilo la kuona mti, usidhani umekosea peke yako. Kusini mwa India hii sarafu iliingia kwa wingi sana miaka na miaka, ilikuwa inatoka Venice inashuka Aleksandria, inapita Misri na Bahari ya Shamu, inavuka mpaka Gujarati na Malabari kulipia pilipili manga na nguo, na wenyeji wa kule wakamtazama huyu Doge na ule mti wa bendera wakaona mgema! Yaani mgema wa tembo yuko chini ya mnazi wake anajitayarisha kupanda. Wakaiita shanar kasu, pesa ya mgema, manake shanar ndo watu wa kazi hiyo. Mi nilivyosoma habari hii mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo, nikaenda kuitoa ile picha nikaiangalia tena, na kweli, mtu aliyekulia pwani akishaambiwa hawezi tena kuona bendera, ataona mgema tu na mnazi.

Na hapa ndo penye shida yako. Wahindi waliipenda hii sarafu mpaka mafundi wao wakaanza kuitengeneza wenyewe kwa ajili ya vidani, si kwa nia ya kudanganya mtu, ni pambo, kama vile leo mtu anavyotengenezewa pauni ya kuvaa. Fundi hajui Kilatini, kwa hiyo anachora umbo la herufi bila kuijua herufi yenyewe, inatoka mistari mistari na viduara. Kwa hiyo vidani vingi vya namna hiyo ni mchanganyiko, ya Venice yenyewe mbili tatu na zilizobaki za fundi wa kule, na nyingine za fundi ni dhahabu nzuri tu, nyingine imepunguzwa.

Fanya hivi. Toa simu, chukua picha karibu kabisa, pande zote mbili, mchana karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu usije kwa juu, ndo herufi zinajitokeza. Soma upande wa Doge. Kushoto, nyuma ya Marko, inatakiwa usome S M VENET. Kulia, nyuma ya Doge, ndo jina lake, na jina ndo linakwambia umri, kwa sababu zecchino haina mwaka, hata utafute vipi hutaukuta. Ukisoma LVDOV MANIN, basi huyo ni Ludovico Manin, Doge wa 120 na wa mwisho, aliyekaa kuanzia 1789 mpaka 1797 na baada yake hakuna mwingine. Hiyo V inayofuata L ni U, Kilatini cha kwenye sarafu ndo kilivyo.

Kisha pima, moja moja, kwenye mzani unaosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Ya kweli ina gramu 3.49 hivi, ukitoa hako katundu itapungua kidogo. Alafu funga kwa uzi mwembamba uining'inize ndani ya maji bila kugusa chini ya glasi na upime tena, dhahabu safi ya uzito huo inapungua kama gramu 0.18 tu majini. Ikipungua 0.22 na zaidi ujue humo ndani kuna shaba au fedha ya kutosha, na Venice hawakufanya hivyo kamwe, dhahabu yao ilikuwa safi kadiri mafundi wa zamani walivyoweza kuisafisha.

Kuhusu tundu sitakudanganya, wakusanyaji wanapenda isiyotobolewa, bei inashuka. Lakini kushuka si kuwa sawa na bei ya kuyeyusha. Mi nilishakaa dukani kwa sonara mmoja kijana wangu, miaka mingi iliyopita, akaja mama na kipande kama hicho, mimi ningali nanyanyua miwani niangalie jina, tayari kimeshatumbukizwa kwenye kile kikombe cha udongo, moto wa gesi juu yake, Doge akalainika, ukingo ukajikunja, kikawa tone jekundu. Sikuwahi kulisoma jina. Mpaka leo sijui alikuwa nani.

SWALI: Assalaam aleikum. Nawasoma nikiwa Maskati. Nina maswali mawili. Kwa Kiarabu Venice tunaiita al-Bunduqiyya, je ina uhusiano na bunduki? Na hiyo jamhuri yenyewe ilikufaje? Manake nikisikia watu wanasema sarafu za miaka ya mwisho ya jamhuri sielewi ni mwisho wa nini. — Msomaji, Maskati

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. La bunduki ni zuri na watu wengi wanalichanganya. Jina la mji na jina la silaha kwa Kiarabu yanaandikwa sawasawa, lakini njia zake ni mbili. Mji ni Venetia, ulimi wa Kiarabu ukaligeuza. Silaha maelezo yake yanayokubalika zaidi ni kwamba inatoka kwa bunduq, ile kokwa ndogo ya duara, watu wakaita hivyo pia vidude vya duara vya kurusha, mwisho ikawa chombo chenyewe, na sisi tukapokea bunduki. Ila sarafu kweli waliiita bunduqi, ya Venice. Na jina lingine la zamani kwa Waarabu wa Misri na Sham lilikuwa mushakhkhas, yaani yenye shakhsi, yenye watu, kwa sababu dinari zao zilikuwa maandishi matupu na hizi za Wafaranji, yaani Wazungu, zina sura za watu. Na kwa upande mwingine hao Wavenice nao wamekopa kwa Waarabu, kiwanda chao cha sarafu wanakiita Zecca kutokana na sikka, na zecchino imetoka humo humo. Hata vile vidude vinavyong'aa kwenye magauni ya harusi ambavyo Waingereza wanaviita sequins, jina lake limetoka kwenye sarafu hiyo hiyo.

Sasa la kufa. Hii sarafu ilianza 1284 wakati wa Doge Giovanni Dandolo, na kuanzia hapo hawakuibadilisha. Nataka ulipime hilo, miaka zaidi ya 500, madoge kwa madoge, vita na tauni, Konstantinopoli imeanguka, Wareno wamezunguka Afrika, na wao kila mwaka wanapiga picha ile ile, uzito ule ule karibu, dhahabu ile ile, linabadilika jina la mtu tu. Walipokaa wakapata mafundi wa hali ya juu kabisa waliojua kuchonga sura nzuri, bado waliiacha hivyo hivyo na vile vimtu vyembamba vya kizamani. Sababu ni mfanyabiashara wa Aleksandria na wa Surat kule India ambaye hasomi Kilatini, yeye anaijua kwa sura, ukimbadilishia sura ataikataa au ataipunguza bei. Sultani Barsbay wa Misri alichoka kuona soko lake limejaa dhahabu ya wengine, mwaka 1425 akatoa ashrafi yake, na ili watu waikubali ikabidi uzito wake aukaribishe na ule wa dukati. Mtu anatoa sarafu kushindana na wewe na bado anafuata mizani yako!

Basi Manin alichaguliwa Machi 1789, miezi minne tu kabla Wafaransa hawajavamia ngome ya Bastille na kuanza mapinduzi yao. Alikuwa tajiri, familia yake ya Friuli iliingia kwenye ukabaila wa Venice kwa kulipa pesa karne moja na nusu nyuma, na wakubwa wa zamani hawakuacha kumkumbusha. Mi sitamlaumu kama wengine wanavyomlaumu, alipokea nyumba iliyokwisha kuoza nguzo. Napoleon, jemadari wa Wafaransa, aliingia Italia 1796, na mwaka uliofuata akaitaka Venice iache utawala wake wa zamani. Tarehe 12 Mei 1797 Baraza Kuu, lile la makabaila wa Venice, likakaa mara ya mwisho. Lilihitaji watu 600 ili lihesabike halali, wakafika 537, wengine walishakimbilia mashambani kwao. Kura 512 zikasema ndiyo, tujiondoe, 20 zikasema hapana, 5 hazikusema kitu. Inasimuliwa milio ya bunduki ilisikika nje, walikuwa askari wa Dalmatia waliokuwa wakiitumikia Venice, wanaaga kwa heshima wakati wanaondoka na meli, lakini ndani wakadhani mji umeshavamiwa, wakapiga kura haraka haraka wakatoka. Manin akarudi chumbani, akavua ile kofia ya kitani nyeupe ambayo Doge anaivaa chini ya taji, akampa mtumishi wake akamwambia chukua, sitaitumia tena.

Oktoba mwaka huo huo Napoleon akawapa Waaustria mji mzima kwa mkataba wa Campo Formio. Na kabla hawajaondoka, Januari 1798, Wafaransa wakaichukua Bucintoro, ile meli kubwa ya Doge iliyopakwa dhahabu kuanzia juu mpaka karibu na maji, wakavunja mapambo yake wakayachoma moto ili wakusanye ile dhahabu kwenye majivu. Ndo ujue mtu akiona dhahabu peke yake anakuwaje. Waaustria wao, walipokaa, wakaendelea kupiga zecchino sura ile ile, sasa aliyepiga magoti mbele ya Marko ni mfalme wao Franz wa Pili. Serikali ishakufa, sarafu bado inatembea.

SWALI: Habari mzee, nafanya kazi ya kulea wazee huku Milano. Kuna duka la vitu vya kale karibu na kazini wameweka zecchino la huyo Manin dirishani, wameandika rarissimo, yaani adimu kupita kiasi. Nimejinyima miezi kadhaa niweke akiba yangu kwenye dhahabu badala ya kutuma tu na kuisha. Ninunue? — Msomaji, Milano

JIBU: Dada, jasho lako nalijua, kwa hiyo nitakuwa wazi. Zecchino ya kawaida ya Manin si adimu kupita kiasi. Ni nzuri, ni ya mwisho, ina historia inayotosha kumliza mtu, lakini zilipigwa nyingi na nyingi zimebaki, kwenye minada ya sarafu zinatokea mara kwa mara. Anayekuandikia rarissimo kwenye ile ya gramu tatu na nusu anataka ulipie neno. Nenda kaangalie bei ambazo zimeuzwa kweli minadani, si bei zinazoombwa, alafu linganisha.

Zilizo adimu kweli za Manin ni zile kubwa, kwa mfano za zecchino 10, na kuna hata za 50 ambazo zinakwenda karibu gramu 175, dhahabu nzito mkononi kama kikombe cha kahawa. Hizo hazikuwa za sokoni, zilikuwa za kutoa heshima. Na kuna osella ya dhahabu. Hii ngoja nikueleze kidogo kwa sababu mi naipenda kuliko zote. Zamani Doge kila mwaka alikuwa anawapa wakubwa wa baraza bata mwitu wa kule kwenye maji ya Venice, zawadi ya mwisho wa mwaka. Watu wakaongezeka, bata hawatoshi, ndipo mwaka 1521 wakaamua badala ya bata wawape kipande cha fedha kilichopigwa maalumu, na jina likabaki la ndege, osella, manake oselle kwa lugha yao ni ndege. Kila mwaka mpya, picha mpya, tofauti kabisa na zecchino isiyobadilika. Nyingi ni za fedha, chache mno zikapigwa kwa dhahabu kwa uzito wa zecchino nne. Ya mwisho kabisa imeandikwa 1796, mwaka wa nane wa Manin. Miezi michache baadaye hapakuwa na Doge wa kutoa wala baraza la kupokea. Ukikuta ya dhahabu ya mwaka huo, hapo neno rarissimo liko mahali pake.

Na kama unataka sarafu za Italia na unapenda kipande kikubwa, wakati huo huo kulikuwa na jamhuri nyingine, Genoa, nayo ikaanguka 1797 huo huo. Wao walikuwa na lire 96 ya dhahabu, kama gramu 25, Bikira Maria na mtoto juu ya mawingu, na ina mwaka. Baada ya mapinduzi lire 96 ikaendelea lakini Maria ameondolewa, kakaa mwanamke na mkuki na ngao, ndo Liguria, jina jipya la jamhuri hiyo. Ukiziweka mbili hizo kando kwa kando mezani unaona mapinduzi kwa macho bila kusoma kitabu.

Kwako wewe ushauri wangu ni huu, kama ni akiba ya nyumbani, nunua dhahabu ya kawaida yenye bei inayojulikana. Sarafu ya kale nunua kwa moyo na kwa muuzaji anayekupa karatasi ya uhakika, na umuulize mapema habari ya kuitoa nje ya nchi, Italia wana sheria kali kuhusu vitu vya kale, usije ukakamatiwa uwanja wa ndege na jasho lako.

SWALI: Nimerithi sarafu ya dhahabu ya zamani, nimeisugua na dawa ya meno ing'ae kabla ya kuipiga picha, nimefanya sawa? — Msomaji, Kigoma

JIBU: Hapana rafiki yangu, na usirudie tafadhali. Dawa ya meno ina chembechembe zinazokwaruza, na dhahabu safi ni laini mno, ile mikwaruzo midogo inabaki milele na mtaalamu anaiona papo hapo. Kwa sasa suuza na maji safi, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa cha pamba bila kusugua, iweke kwenye karatasi laini peke yake isigongane na nyingine.

TENA MOMBASA: Wakati ukurasa huu unafungwa yule dada wa kidani ametuma picha, kumi na nane, pande zote, na mwanga wa ubavu kama nilivyoomba, Mungu ambariki. Saba ni za fundi wa Kihindi, herufi zimekuwa vijiti na viduara, na kwenye mbili kati ya hizo fundi ameshamgeuza Doge kabisa, goti limeinuka, ule mti umetoa kama majani juu. Ya nane imechakaa sana sijaweza kuisoma, naomba picha nyingine jioni jua likiwa chini. Ya tisa ndo ile iliyokaa karibu na kifungio, ambayo inaelekea ilikuwa inalala nyuma ya shingo ya bibi, haikusuguliwa na nguo. Kushoto S M VENET. Kulia, tundu limekula herufi ya kwanza, lakini iliyobaki naisoma vizuri: VDOV MANIN. Kaipima gramu 3.44. Mwanangu, ndugu zako waambie wakae chini pamoja na wewe waangalie hii picha kwanza, na kidani kisikatwe, hizo saba za mgema zimekaa na hii moja zaidi ya miaka mia.